Goti la Katibu

4 Februari

Dada,

Natumaini uko mzima na hakuna lifti iliyokukwamia wiki hii na watu ndani. Sisi hapa wazima, kwa maana kwamba hakuna aliyelazwa. Mke wangu anakusalimu na anashukuru kwa vitambaa vya meza. Kimoja ameshakiunguza kwa pasi, na hapa ninapoandika amenikazia macho nisikutajie. Mama ni mzima kuliko sisi sote. Juzi alimpima suruali mwalimu mkuu wa shule ya jirani akamwambia, mbele ya wateja watatu, kwamba kiuno kimeongezeka inchi mbili tangu mwaka jana. Unajua sauti yake tangu masikio yalipozima: yeye anadhani ananong'ona, kumbe mtaa mzima unapata taarifa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa kuheshimu makubaliano yetu. Simu yetu ya mwisho ilidumu dakika nne na tukakatiana wote wawili kwa mpigo, jambo ambalo hata sijui mitambo iliwezaje. Kwenye barua angalau kila mtu anamaliza sentensi yake.

Sasa jambo lenyewe. Katibu ameumia. Alimwona paka wa jirani dirishani, akaruka kutoka juu ya marobota ya vitambaa, na kano ya goti la nyuma la kulia ikakatika. Daktari wa wanyama amempasua na kumshona vizuri. Halafu akaandika barua: Katibu anahitaji wiki kumi na mbili za mazoezi ya tiba, chini ya mtu aliyesomea viungo vya wanyama, na wiki za mwanzo ndizo zenye uzito.

Nikamuuliza, "Niende kwa nani?"

Akacheka. Akasema, "Si wewe uliyeandika gazetini kwamba sisi madaktari tunapelekeana wateja kwa kujuana? Basi leo sikutajii mtu. Katafute mwenyewe, mzee wa makala, usije ukaniandika tena."

Ile makala naisimamia mpaka leo, neno kwa neno. Lakini naona imenigeukia vibaya.

Wewe huna haja ya kuelezwa mbwa huyu ni nani kwa Mama, ila naandika ili tusije tukaulizana baadaye. Mteja akibisha, birika likichemka, mtu akifungua mlango wa uani, ni Katibu anayemfuata Mama alipo, kumgusa kwa pua na kumwongoza. Karakana iko chini, kitanda kiko juu, na kati yake kuna ngazi ya vidato kumi na saba. Tulikubaliana mwaka jana kwamba siku Katibu akishindwa kazi, Mama hataachwa peke yake: atahamia kwako, kwa sababu kwangu tunalala kama vijiko kwenye droo. Mama hatujamwambia. Sitaki kuwa mimi wa kumwambia.

Kazi yako ni kukagua watu wanaodai wanajua kazi. Nisaidie. Nimtambueje aliyesoma na asiyesoma? Na kama unamjua mtu wa kumuuliza, muulize upesi.

Mdogo wako

*

27 Februari

Mdogo wangu,

Nashukuru kwa barua. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Tulikuwa na ukaguzi wa jengo la hospitali, lifti sita, na mafundi wake wote wanasema tatizo ni umeme. Mwambie mke wako nimeona alama ya pasi kupitia kalamu yako, na simdai kitambaa. Mimi ni mzima. Jengo letu limetulia. Tangu shemeji yako afariki na watoto kwenda kwao, naweza kusikia friji ikijizima na kujiwasha. Nimepaka rangi kile chumba kidogo, bila sababu maalumu. Kijani hafifu.

Kuhusu Katibu. Simjui mtaalamu yeyote huko kwenu. Ila nitakwambia ninavyofanya kazi.

Fundi wa lifti simuulizi anajua nini, maana hapo kila mtu ana hotuba. Namuuliza ni kitu gani hatakubali kukifanya. Anayesema anafanya vyote, ripoti yake naanza kuiandika palepale. Kwa hiyo mtu wako muulize hivi. Amesomea wanyama, au amesomea watu akaona miguu inafanana? Alisomea wapi, na leseni yake ameipata kwa nani? Kabla ya kumgusa Katibu, ataomba barua ya daktari aliyempasua? Atapima unene wa paja leo na kupima tena baada ya wiki mbili, au atakwambia tu kwamba maendeleo yanaonekana? Atakuacha ukae uangalie? Na mbwa akikataa zoezi, yeye atafanya nini?

Usiharakishe. Chagua taratibu. Na kama haitawezekana, basi haitawezekana. Nafasi ya Mama huku ipo.

Dada yako

*

6 Machi

Dada mkaguzi,

Salamu kutoka nyumba ya vijiko. Binti yangu mkubwa amefaulu hesabu, jambo linalothibitisha kwamba hakunirithi. Mama anakusalimu. Amesema kijani hafifu ni rangi ya zahanati. Nilikuwa nimemwandikia habari zako kwa chaki juu ya meza ya kukatia, kama kawaida, na hiyo ya chumba ikaponyoka.

Barua yako imefika siku kumi baada ya mimi kuamua. Ulisema usiharakishe, daktari alisema wiki za mwanzo. Nilimsikiliza aliyeshika kisu.

Tumepata mtu! Mjini anaitwa Profesa. Anakanda wachezaji wa mpira. Nilimkuta chini ya jukwaa la uwanja, kwenye chumba chenye meza moja, harufu ya dawa ya kuchua inayokutoa machozi, na vyeti ukutani mpaka swichi ya taa imekosa pa kupumulia. Nikamwambia, "Profesa, mgonjwa wangu ni mbwa." Akasema, "Mguu ni mguu, kaka. Tofauti ni viatu."

Nikambishia, naye akanibishia. Nikamwambia tiba bila elimu ni uchawi wenye meza. Akaniambia elimu bila mikono ni gazeti. Tulikwenda hivyo saa mbili na nusu. Dada, sijapata mtu wa kubishana naye namna ile tangu ulipohama.

Maswali yako nimemuuliza baadaye, kwa heshima yako. Amesomea wanyama? Amekua na mbuzi. Leseni? Anajulikana. Barua ya daktari? Anasema vidole vyake vinasoma vizuri kuliko macho. Kitu ambacho hatakubali kukifanya? Hakuna. Kwa hiyo umeuliza, na yeye amejibu.

Kabla yake nilikwenda kwa mwanamke mmoja niliyeelekezwa na muuza chakula cha kuku. Ukutani hana hata cheti kimoja, ni mchoro wa mifupa ya mbwa tu. Nikamuuliza, "Utamponya?"

Akasema, "Sijui. Barua ya daktari iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

"Basi leo simgusi."

Nikaanza kumweleza msimamo wangu kuhusu watu wanaojificha nyuma ya makaratasi. Akanisikiliza kidogo, kisha akasema, "Baba, muda wote huu unaoongea mbwa wako amesimama kwa miguu mitatu. Mlaze kwanza."

Nimempa jina la Bi Kimya. Sirudi kwake. Mtu asiyeahidi chochote anataka nimwamini kwa lipi?

Mdogo wako

*

15 Machi

Wewe mtu,

Sisi huku wazima, na salamu nyingine utazikuta mwishoni kama nitakuwa nimepoa.

Umemkabidhi Katibu kwa mkandaji wa mpira! Umempa maswali yangu, akashindwa kila moja uliloniandikia, na wewe ukampongeza kwa kuyajibu. Mimi fundi akiniambia vidole vyake vinasoma kuliko macho, nafunga jengo. Wewe umemchagua kwa sababu anajua kubishana. Ulikuwa unamtafutia Katibu tiba au unajitafutia mwenzako wa kijiweni?

Na huyo Bi Kimya uliyemkimbia! Mwanamke amesomea viungo vya wanyama miaka mitatu, leseni yake inahuishwa kila mwaka, kile kibanda cheupe nyuma ya hospitali ya wanyama amekijenga mwenyewe, kila Ijumaa anakaa na daktari yuleyule aliyempasua Katibu wanapitia wagonjwa wao mmoja mmoja, na wewe unamdharau kwa sababu hakukuahidi muujiza. Anayesema hajui kabla hajaangalia ndiye anayejua kazi. Hilo nilidhani limo kichwani mwako. Nimekuwa nikilisema tangu una miaka sita.

Rudi kwake. Peleka barua ya daktari. Funga mdomo, ukiweza.

Salamu: mke wako, watoto, Mama. Wewe bado.

Dada yako

*

2 Aprili

Dada,

Salamu za kawaida. Watoto wazima. Mke wangu mzima, ila ameacha kuongea nami kuhusu mbwa, na katika nyumba yetu siku hizi hakuna jambo jingine la kuongea.

Nimekaa na barua yako wiki mbili kwa sababu ilipofika ilikuwa sahihi, na mimi mtu akiwa sahihi huniwia vigumu kumjibu.

Goti la Katibu limevimba. Lilianza kuvimba tangu tarehe tisa, na sikukuandikia. Profesa alikuwa anauvuta mguu nyuma, anauzungusha, anauvuta tena. Alisema mshipa mkaidi unafundishwa adabu. Mimi nilikuwa naye, nimesimama pembeni, tunabishana iwapo wachezaji wa zamani walikuwa bora kuliko wa sasa. Sikuangalia chini.

Mama aliangalia. Yeye hasikii, kwa hiyo hotuba za Profesa hazikumfikia hata moja. Alikuwa anaona mikono tu, na mbwa. Mara ya nne Profesa alipokuja karakana, Mama aliweka mkasi chini. Baadaye aliniambia alichokiona: Katibu anajilamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, masikio yamelala nyuma, na kila mkono wa yule bwana ukisogea anageuza uso ukutani. "Miaka arobaini nawapima watu nguo," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha basi. "Namjua anayevumilia pini."

Akachukua ile rula yake ya mbao ya mita moja, akamgonga Profesa kwenye kifundo cha mkono. Si kwa nguvu. Profesa akaruka, akasema, "Mama, sayansi hii!" Mama hakusikia. Akamgonga tena. Nikamwandikia kwa chaki: Mama, huyu ni mtaalamu. Akafuta kwa kiganja, akaandika chini yake: Huyu ni redio.

Kesho yake nilifika nikakuta mlango umefungwa. Alikuwa amempakia Katibu kwenye toroli la kubebea marobota, amechukua ile barua ya daktari kwenye droo ya vifungo nilikoiacha, amesukuma toroli mwenyewe mpaka hospitali ya wanyama, akawaonyesha barua kimyakimya mpaka wakampeleka kibandani. Nilimkuta huko. Bi Kimya alikuwa chini sakafuni, hajamgusa Katibu bado, anamtazama anavyosimama. Dakika kumi anamtazama tu. Mama naye alikuwa anamtazama Bi Kimya. Walielewana vizuri sana bila mimi.

Nimeomba radhi. Amesema sawa, nakubali, lakini wakati wa mazoezi nikae kwenye benchi na nisiseme kitu. Nimelalamika. Amesema hilo tayari ni kusema kitu.

Sasa nije kwako.

Kwenye barua yangu ya tarehe sita Machi sikukuandikia kwamba kibanda ni cheupe. Sikukuandikia kiko wapi. Sikukuandikia amesoma miaka mingapi, kwa sababu sikumuuliza, kwa ujinga ambao nimeshaukiri hapo juu. Na jambo la Ijumaa nimelisikia kwa mwenyewe wiki iliyopita. Wewe uliliandika tangu tarehe kumi na tano.

Nikamuuliza Bi Kimya. Akafungua faili lake. Mna barua humo, Dada, ya mwandiko wako, ya tarehe kumi Februari, ina maswali yale sita na mengine manne ambayo mimi hukunipa. Ulilipigia simu baraza linalowapa leseni, wakakupa jina, ukamwandikia. Yeye alikujibu tarehe kumi na tatu. Nakala ninayo hapa.

Tarehe ishirini na saba ukaniandikia kwamba humjui mtaalamu yeyote huku. Na kwamba nisiharakishe.

Niambie.

Mdogo wako

*

11 Aprili

Mdogo wangu,

Niko mzima. Habari za familia ya huku ni mimi.

Jibu lake nililipata tarehe kumi na saba. Nililisoma nikiwa nimesimama, na nikakaa chini palepale kukuandikia. Niliandika tarehe, nikaandika "Mdogo wangu, nimempata," kisha nikainuka kwenda kufunga dirisha. Niliporudi sikuendelea.

Sitakupa sababu kumi. Nilitaka Mama aje. Katibu akipona, Mama haji. Hiyo haihitaji mkaguzi kuiona. Nikajiambia sidanganyi, nachelewa tu, na kuchelewa ni jambo la posta. Halafu nikakuandikia uongo mtupu kwa mwandiko mzuri.

Sikujua utamwokota mtu chini ya jukwaa la mpira. Lakini sisemi hivyo ili kujisafisha; ukweli ni kwamba nilikuacha utafute gizani huku nimeshika taa.

Hukuniuliza kama najuta. Usiniulize.

Katibu anaendeleaje? Andika namba, si maneno. Paja lina sentimita ngapi?

Dada

*

30 Juni

Dada,

Sisi wazima wote. Mke wangu ameanza tena kuongea, na sasa nakumbuka kwa nini kimya kile hakikuwa kibaya sana. Binti mkubwa anasema anataka kuwa kama Bi Kimya. Nikamwambia kazi hiyo inahitaji mtu asiyebisha. Akabisha.

Namba ulizotaka. Paja la kulia lilikuwa sentimita ishirini na sita tulipoanza. Sasa ni thelathini. La kushoto ni thelathini na mbili. Bi Kimya hupima mahali palepale, kwa tepu aliyopewa na Mama baada ya Mama kuikataa ya kwake kwamba imevutika kwa uzee. Mazoezi yenyewe si ya kuandikia makala. Katibu anatembea kwa kamba fupi, polepole mno, mpaka kila mguu ushike chini. Anavuka vijiti sita vilivyolazwa sakafuni. Anasimama na kukaa, anasimama na kukaa, juu ya mkeka usioteleza. Siku akijilamba midomo, wanaishia hapo, hata kama ni dakika ya nne. Siku ya kwanza walipoishia dakika ya nne nilifungua mdomo. Bi Kimya akanionyesha benchi kwa kidole, na nilikuwa nimeshakaa juu yake.

Jana alitupa majibu. Alimwandikia Mama kwenye karatasi moja kwa moja, hakupitia kwangu. Katibu atatembea vizuri, na kazi yake ya karakana ataiweza. Ngazi hatapanda tena. Goti halitabeba vidato kumi na saba, wala saba, na akilazimishwa litakatika upya.

Nilimuuliza kama ni zile wiki za Profesa au ni zile wiki za mwanzo zilizopotea. Alinitazama. Akasema, "Nani anataka kujua, wewe au gazeti?" Nikasema mimi. Akasema huenda ni zote mbili, huenda goti lingeishia hapohapo hata bila sisi, na yeye hawezi kuapa kwa asichokiona. Kwa hiyo hukumu yetu haina hakimu, Dada. Wewe una wiki zako na mimi nina zangu, na Katibu ana mguu.

Kwa makubaliano yetu ya mwaka jana, hii ndiyo siku yenyewe. Mbwa hafiki kitandani, kwa hiyo Mama anahama. Jana nilikaa kuiandika sentensi hiyo kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Nilipofika kwenye neno "kuhamia" Mama alininyang'anya chaki. Sasa amenifuata mpaka kwangu, ananinyang'anya na kalamu. Sijui anataka ku

Mwanangu wa kwanza,

Salamu. Mimi ni mzima, mgongo tu.

Barua zenu nimezisoma zote. Mdogo wako anaziweka zako na nakala za zake kwenye droo ya vifungo, naye anadhani droo hiyo huifungua yeye tu. Nimepoteza masikio, macho ninayo.

Mwaka mzima mmekubaliana, mmekataana, mmedanganyana, na mmempima mbwa paja. Hakuna aliyeniuliza mimi nataka kulala wapi. Bi Kimya kabla ya kumgusa Katibu alinyoosha mkono chini, akangoja mpaka Katibu mwenyewe ausogelee. Nyinyi mmesoma kuliko mbwa, lakini hilo hamkulifanya.

Kitanda nimekishusha jana jioni. Nilimwita fundi seremala na mwanawe, wakakifungua, wakakifunga tena chini, kati ya cherehani na dirisha. Chumba cha juu ni cha marobota. Nimelala vizuri. Kuhama nimeshahama, mita nne kwenda chini, na sihami tena.

Wewe ulinitaka huko. Sikuchukii kwa hilo. Ila ungeniandikia mimi, anwani unayo. Ungeandika, "Mama, naogopa hii nyumba, njoo ukae nami mwezi mmoja," ningekuja mwezi huohuo, na goti la mbwa lisingehusika.

Mdogo wako simchukii pia. Amekaa kwenye benchi wiki kumi na mbili bila kusema kitu. Baba yake hakuwahi kupata kwake hata saa moja ya kimya.

Bi Kimya ameagiza Katibu atembezwe kila asubuhi dakika kumi na tano, barabara ya tambarare, polepole. Tunatoka saa moja kamili. Jumatatu utakuwa na likizo, nimeona tarehe kwenye barua yako ya zamani. Ukija tutatembea wote. Ukichelewa tutakuwa tumeshaondoka, ila hatuendi mbali, na mwendo wetu unaujua.

Mama